Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara ya Chemelil–Nandi Hills: nani atatufundisha kushuka?

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Chemelil. Mimi ni fundi wa pikipiki, na kibanda changu kiko chini kabisa ya mlima, pale barabara itokayo Nandi Hills inapomaliza kona zake na kuingia kwenye miwa. Siku ya soko hamna haja ya kuuliza njia, fuateni harufu. Wageni hudhani ni kiwanda. Ni breki zinaungua.

Chini ya meza yangu kuna kopo la rangi la lita nne, limejaa shuu kuukuu za breki, vile vipande viwili vya umbo la mwezi mchanga vinavyokaa ndani ya dramu ya gurudumu na kuibana ukikanyaga breki. Mtu akilimwaga kopo hilo mezani nitamtenganishia bila kuuliza: hizi za Ahero na Kano, hizi za mlimani. Za tambarare zimelika polepole, rangi ya majivu, kama sabuni ya kufulia inayokaribia kwisha. Za mlimani zinang'aa kama kioo, nyeusi, zina nyufa, na nyingi bado ni nene. Hizo hazikulika, ziliungua zikapoteza meno. Mwenyewe huja akilalamika, "Fundi, breki haishiki na shuu ni za juzi," na moyoni anaamini nilimuuzia feki.

Barua hii imetoka kwenye kopo hilo.

Nimeiacha wazi kwa sababu sijui mwenyewe hasa ni nani. Mlima huu uko kwenye mpaka: chini ni Kisumu, juu ni Nandi. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 ilitupa mamlaka tatu za barabara, kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti na barabara zake. Niliwahi kufuatana na wazee wawili wa steji hadi ofisi moja kuuliza habari za vyuma vya pembeni vilivyong'olewa kwenye kona. Tukaambiwa kipande hicho si chao. Ofisi ya pili ikatuuliza kama tumeshapita ile ya kwanza. Mzee mmoja akacheka, akasema hata ng'ombe aliyepotea huwa na wenyewe wengi kuliko kona ile. Basi anayejijua ni yake aichukue.

Niruhusuni nieleze kinachotokea huko juu, maana nadhani wengi wenu mmepita mlima huu ndani ya gari, vioo vimefungwa, mkilitazama ziwa likimetameta kwa mbali ng'ambo ya Kano. Ni mandhari nzuri, sikatai. Lakini aliye kwenye pikipiki haangalii ziwa.

Kutoka Nandi Hills hadi hapa mtu anashuka karibu mita 700 za kimo. Chukueni pikipiki, dereva, abiria mmoja na gunia la kabichi: kilo 300 bila kutia chumvi. Kuna mwalimu wa fizikia ninayemtengenezea pikipiki, nikamwomba anipigie hesabu. Akaandika nyuma ya risiti kwamba nguvu ya uzito huo ukishuka kimo hicho inatosha kuchemsha lita sita za maji ya bomba hadi yatokote, na ikabaki. Sehemu yake huchukuliwa na upepo. Sehemu nyingine, dereva akijua kutumia gia, humezwa na injini. Inayobaki yote inaingia kwenye dramu mbili, kila moja na upana usiozidi kisahani cha kikombe cha chai. Sufuria ya lita sita juu ya kisahani! Niliiweka ile risiti ukutani.

Dramu ikishika moto inatanuka, inazikimbia shuu. Dereva anakanyaga, pedali inazama. Anakanyaga tena, inazama zaidi. Hapo hufanya kile ambacho kila mmoja wetu amefanya: anasimama, anachomoa spana chini ya kiti, anakaza nati ya breki ya nyuma mpaka pedali ipande. Anajisikia fundi. Kumbe amejifunga kitanzi. Amekaza dramu ikiwa imetanuka, na ikipoa kidogo itarudi na kuzibana shuu hata kama hajakanyaga. Sasa breki inasugua yenyewe njia nzima, joto linazidi, harufu inaanza. Wapo wanaomwagia maji. Chuma cha moto kikipigwa maji ghafla kinaweza kupinda au kupasuka, na shuu zilizolowa hazishiki kitu mpaka zikauke, na kona inayofuata haitasubiri zikauke.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado juu kwenye mashamba ya chai, weka gia ya pili, na ukiwa na mzigo mkubwa weka ya kwanza, uache injini ikushike kama mtu anayemshika mtoto mkono. Breki uiguse kwa vipindi, ya mbele na ya nyuma, uiachie ipumue. Basi. Nimewaambia wangapi? Wananisikiliza kwa heshima, kisha wanapanda juu na kushuka na frii, injini wameizima kabisa.

Msiwaite wajinga. Wanapiga hesabu yao. Kupanda mlima na mzigo kunakunywa petroli kama ngamia. Hewa huko juu ni nyepesi, kabureta iliyopangwa kwa Kano inamwaga mafuta kuliko hewa iliyopo, pikipiki inakohoa na kutoa moshi mweusi, na pengine abiria anashuka kutembea kipande chenye ukali. Sasa anaporudi chini akiuona mteremko unamteremsha bure, anazima injini ili arudishe kile mlima ulichomla. Ni akili ya biashara. Ila injini ikizimwa, ile mikono ya kumshika haipo, na kwenye nyingi ya pikipiki hizi taa ya mbele nayo inazimika, kwa sababu inategemea injini ikizunguka. Mtu anashuka jioni kwenye ukungu, kimya, gizani, amebaki na visahani viwili.

Najua kwa sababu nilikuwa mimi. Mwaka 2016, kabla sijawa fundi, nilikuwa nikiendesha boda ya kupeleka omena na mchele wa Ahero juu, nikirudi na maziwa na kabichi. Siku hiyo nilimbeba mama mmoja na kuku wake wawili kwenye kikapu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilizima injini pale pale nilipozoea. Kwenye kona ya tatu kutoka chini pedali ilizama mpaka ikagusa bomba la moshi, na nilipobana ya mbele gurudumu likakuta vipande vya miwa vilivyodondoka kutoka kwa trela. Muwa uliokanyagwa na magari ukalowa ni mafuta matupu. Mimi nilivunjika mtulinga. Mama alichubuka mikono, na alichoniuliza kwanza, nikiwa nimelala mtaroni, ni kama nimeuona ule mtetea mweusi. Hatukuuona. Nilimlipa miezi miwili baadaye na hakutaka kupokea.

Huko hospitali nililala nikijiuliza swali moja: kwani hili nilifundishwa wapi? Nilikuwa na leseni halali. Nilisoma kwenye shule ya udereva ambayo sitaitaja. Tulijifunzia uwanjani, kwenye nyasi, tambarare kama meza. Tulizunguka koni za plastiki kwa umbo la nane. Tulijibu maswali ya alama za barabarani kwenye ule mji wa mfano uliochorwa ubaoni. Siku ya mtihani nilizunguka koni, nikasimama kwenye mstari, nikapita. Hakuna aliyeniambia neno "mteremko". Nilipewa ruhusa ya kubeba binadamu wenzangu juu ya mlima na watu ambao hawakuniona nikishuka hata tuta.

Hapo ndipo penye ombi langu kubwa, na mengine yote ni nyongeza tu. Mtahini watu kwenye mteremko. Leseni ya pikipiki tayari ina madaraja, A2 kwa pikipiki ya kawaida na A3 kwa anayebeba abiria, kwa hiyo kugawa kunawezekana. Anayeombea A3 katika kaunti zenye milima, apelekwe mlimani. Apande na mzigo, asimame katikati ya mwinuko, aanze tena bila kurudi nyuma. Kisha ashuke kwa gia ya pili, na mtahini awe chini akimngoja na mkono wake juu ya dramu. Ikiwa inachoma, arudi mwezi ujao. Mtihani huo hauhitaji mashine wala mkandarasi.

Na walio na leseni tayari, ambao ndio wengi, wafuateni steji. Msiwaite hotelini. Semina za hotelini nimezihudhuria mbili: tulipewa fulana, soda na mhadhara wa kuvaa helmeti. Helmeti ni muhimu na Sheria ya Trafiki inaidai, pamoja na jaketi la kung'aa, na inasema abiria ni mmoja tu. Sitawatetea wenzangu wanaopakia watatu. Lakini helmeti inakungoja pale unapoanguka. Mimi nazungumzia kilomita zile kabla hujaanguka.

Kuna jambo la pikipiki zenyewe. Nyingi tunazozifungua hapa asili yake ni India. Huko India, tangu Aprili 2019, kila pikipiki mpya ya zaidi ya 125cc lazima iwe na breki za ABS zinazozuia gurudumu kukwama, na zilizo chini ya hapo ziwe na breki zilizounganishwa, ukikanyaga ya nyuma na ya mbele inashika. Zinazofika mezani kwangu, hata zile ambazo bado zina nailoni kwenye kiti, ni dramu mbili, fimbo moja na waya mmoja. Mlima wetu ni mfupi kuliko yao? Mimi ni fundi wa kijijini, sheria za uingizaji bidhaa sizijui, lakini nyinyi mnazijua, na mnaweza kuzibadilisha.

Turudi barabarani. Mwaka jana kijana wa steji alinionyesha kwenye simu video ya barabara ya Stelvio, huko Italia, inayopanda milima ya Alps hadi mita 2,757. Watu wanasafiri kutoka nchi za mbali kwenda kuipanda kwa pikipiki, kwa raha zao tu, bila gunia hata moja. Huku kwetu nako siku hizi wanakuja wa namna hiyo, Jumapili, na pikipiki kubwa kama farasi, wamevaa ngozi mwili mzima, wanapungia watoto. Siwaonei wivu (sawa, kidogo, ule mlio wa injini). Lakini kwenye ile video kilichonishika si pikipiki, ni kibao. Upande mmoja wa Stelvio una kona 48 kali, na kila moja ina kibao chenye namba yake.

Namba tu! Mkinipa kitu kimoja kabla ya uchaguzi ujao, nipeni namba za kona. Kwa sababu mtu akianguka mlimani kwetu, simu huwa hivi: "Ni wapi?" "Ni pale kwa kona." "Kona gani?" "Ile yenye mti." Mlima mzima ni kona na miti. Nimewahi kuona gari la wagonjwa likipita mara mbili barabarani, na kijana yuko chini ya ukingo, anasikia king'ora kikienda na kurudi. Kibao, rangi nyeupe, namba nyeusi. Naweza hata kuzichora mwenyewe mkinipa ruhusa, na mtu wa kaunti asije kunikamata kwa kuharibu mali ya umma.

Halafu vyuma vya pembeni. Vile vilivyobaki viliwekwa kwa ajili ya gari. Gari likiteleza linagonga bati na kurudi barabarani. Sisi tukiteleza tumeshalala chini, tunapita kwa chini ya bati na kukutana na nguzo. Ufaransa na Hispania huongeza bati la pili karibu na lami kwenye kona kali, ili mwili wa mwendesha pikipiki uteleze juu yake badala ya kupigwa na nguzo. Sisemi tuige mlima mzima, kona nne au tano zingetosha, na trafiki wa hapa anazijua bila kuambiwa. Na vile vilivyoibwa, sote tunajua vilienda kwa kilo. Mwaka 2022 biashara ya vyuma chakavu ilisimamishwa nchi nzima kwa muda, ikaruhusiwa tena. Palipobaki wazi, miti imeoteshwa mahali pengine, mawe yaliyopakwa chokaa mahali pengine. Wananchi wanajitahidi.

Miwa nayo. Trekta inayotoka shambani na trela imefurika hadi kando, kila kona inaacha sadaka. Huko juu ni magari ya majani ya chai na matope yanayotoka kwenye njia za udongo, yanamwagika juu ya lami ikifika mvua, na mvua ya Nandi haina miadi: asubuhi jua, saa tisa alasiri mawe ya barafu yanakupiga mgongoni. Kampuni inayobeba ifunge mzigo kwa wavu, na aliyepewa kandarasi ya kufyeka nyasi apewe pia ufagio. Kwa gari, changarawe ya ndani ya kona ni kelele chini ya sakafu. Kwa pikipiki ni mtulinga.

Londiani hatujaisahau. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilishindwa kusimama kwenye makutano yale, likawapitia watu wa matatu, wauzaji na wenzetu wa boda waliokuwa wakingoja abiria. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kabla yake, Januari 2009, Sachangwan iliondoka na zaidi ya 100 waliokuwa wakichota mafuta ya lori lililoanguka. Baada ya Londiani yalisemwa mengi kuhusu masoko kukaa kando ya barabara. Ni kweli. Steji yetu pia iko mguuni mwa mteremko, kwa sababu abiria wako hapo, na mimi kibanda changu kiko hatua kumi nyuma ya steji. Kila nikisikia lori likishuka likinguruma kwa gia ndogo najua dereva wake anajua kazi. Lile linaloshuka kimya ndilo linalonifanya niinue kichwa na kuacha spana.

Kwa hiyo ombi la mwisho ni la malori na sisi pamoja: mahali pa kupumzika katikati ya mlima. Sawazisheni kipande kidogo upande wa kushuka, pana kiasi cha malori mawili na pikipiki kumi, wekeni kibao cha "Simama, poza breki" kwa Kiswahili, Kinandi na Kijaluo. Mama wa chai atajileta mwenyewe, hana haja ya bajeti. Watu wakinywa chai dakika kumi na tano, dramu zinapoa bila maji na bila spana. Na chini, kabla ya steji, yapakeni rangi yale matuta mliyoweka. Usiku hayaonekani, na anayefika pale breki zimeisha anayapaa.

Sijaandika haya ili mseme fundi anatafuta jina. Mimi kwa kweli ninakula kwa mlima huu. Shuu zikiungua ninauza nyingine. Lakini kopo langu limejaa na nimeanza kutambua shuu za watu ambao hawaji tena kununua.

Kama mnaona nimetia chumvi, njooni siku ya soko. Msije na msafara. Nitawapandisha mmoja mmoja hadi juu, helmeti ya pili ninayo, na mtakaa nyuma ya gunia kama abiria wengine. Tutashuka mara mbili: mara ya kwanza kwa gia ya pili, mara ya pili jinsi vijana wanavyoshuka, ila injini nitaiacha ikinguruma kwa usalama wenu. Tukifika chini, shukeni, njooni upande wa gurudumu la nyuma. Msiiguse dramu kwa mkono. Itemeeni mate, msikilize.

Wenu mtiifu,
Fundi wa pikipiki, Chemelil